Dashibodi ya gari la zamani imepasuka: uzibe ufa, ufunike, au uvue ngozi yote? (Datsun 240Z, mara tatu)

#1 Geji Tano (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuchelewesha kwa makusudi. Nilitaka kwanza dashibodi yangu ikae juani msimu mzima wa joto ndipo nifungue mdomo, maana habari nyingi za kazi hii huandikwa siku ileile rangi inapokauka. Picha zinapendeza, watu wanapongeza, halafu miezi sita baadaye hakuna anayerudi kusema hali ikoje. Msimu wangu umepita, ngozi haijafunguka popote, kwa hiyo naandika kwa moyo mweupe.

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Anayeijua ameshajua ninakoelekea. Dashibodi yake ni ndefu, nyeusi, ina geji tano: spidimita na geji ya mizunguko ya injini mbele ya dereva, na nyingine tatu katikati, kila moja imezama kwenye pango lake na kugeuzwa kidogo imtazame dereva. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wote wa ndani ya gari hili, na ndipo panapokufa mapema. Kupata 240Z yenye dashibodi nzima ambayo haijawahi kuguswa na fundi ni bahati kubwa.

Yangu ilikuwa na nyufa saba. Ule mrefu ulianzia kwenye mdomo wa pango la katikati ukapanda hadi matundu ya hewa ya kioo cha mbele, kingo zake zimejikunja kwenda juu kama ganda la mti uliokauka. Kidole kidogo kilizama ndani kikagusa sponji, na sponji ikatoka unga wa njano.

Nimeitengeneza mara tatu. Mara mbili za kwanza zilishindwa kwa sababu moja: nilikuwa natibu ufa, ilhali kinachoumwa ni ngozi nzima. Hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi, mengine yote yanatoka hapo.

Tuanze na jinsi kitu hiki kilivyoumbwa. Chini kabisa kuna fremu, kwenye 240Z ni ya bati. Juu yake kuna sponji ya poliurethani. Juu ya sponji kuna ngozi ya plastiki ya jamii ya PVC, nyembamba, yenye vinyweleo vya kuigiza ngozi ya mnyama. PVC kwa asili yake ni ngumu, ndiyo hiyohiyo ya mabomba ya maji. Kinachoilainisha ni mafuta maalumu yanayochanganywa kiwandani, na mafuta hayo hayajafungamana na plastiki, yamejificha tu ndani yake. Joto likipanda yanatoka kidogo kidogo. Ule utando unaoukuta upande wa ndani wa kioo cha mbele, unaoufuta leo na keshokutwa umerudi, kwa sehemu unatokana na mafuta hayo.

Mafuta yakishatoka, ngozi inapungua na kukakamaa. Jua nalo linachoma tabaka la juu. Gari likifungwa vioo juani, uso wa dashibodi unaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, kisha usiku unapoa. Bati linatanuka na kusinyaa kwa kiwango chake, ngozi kwa kiwango chake, sponji iko katikati inavutwa huku na huku. Na ngozi imeshikwa pembeni kote, haina pa kukimbilia. Inakazika kama ngozi ya ngoma hadi siku inapasuka, na hupasukia penye kona: ukingo wa tundu la hewa, pembe ya spika, shimo la skrubu, mdomo wa pango la geji.

Upana wa ufa basi ni kipimo cha ngozi ilivyopungua. Ukishauziba, ngozi iliyobaki haijaacha kupungua.

Mara ya kwanza nilitumia bodifila, ileile ya kunyooshea mabati. Ilishika vizuri, ikapigika msasa vizuri, nikapuliza rangi, huoni kitu. Lakini nilikuwa nimepanda jiwe katikati ya kitu laini. Wiki ya tatu ya joto uliibuka mstari mwembamba upande huu na upande ule wa bodifila. Yenyewe haikupasuka hata kidogo, ngozi ndiyo iliyojing'oa pembeni yake. Palipokuwa na ufa mmoja pakawa na miwili.

Mara ya pili nilitumia kijazio laini cha kuchanganya sehemu mbili, kile kinachobaki kama mpira baada ya kukauka. Hapo nilifuata kila kitu kinavyotakiwa, nitaeleza chini. Sehemu zote saba nilizojaza zilishika. Msimu uliofuata ufa wa nane ukafunguka kama shibiri moja kutoka pale, mahali ambapo sikuwahi kupagusa.

Mara ya tatu nilivua ngozi yote. Hiyo ndiyo iliyopo hadi leo. Nitaandika hatua zake nikitoka kazini, wenye maswali waanze kuweka.

#2 Mgeni wa Karakana

Mkuu, umenigusa. Nina Mercedes W123 ya 1982, ina ufa mmoja tu, kama urefu wa kiganja, umeanzia kwenye ukingo wa tundu la hewa la kioo. Nilishanunua hicho kijazio laini. Sasa baada ya kusoma nimeogopa. Nirudishe?

#3 Geji Tano

Usirudishe bado, ndugu yangu. Ufa mmoja kwenye ngozi ambayo bado iko hai unazibika na unakaa. Cha kujua ni kama ngozi yako iko hai.

Mimi sasa naanza na dole gumba. Subiri gari liwe na joto la kawaida, lisiwe limetoka kwenye baridi ya asubuhi wala juani. Bonyeza taratibu umbali wa vidole vinne kutoka kwenye ufa, halafu sogea, bonyeza sehemu nyingine, hasa ile inayopakana na kioo maana ndiyo inayopigwa zaidi na jua. Ikizama kidogo na kurudi kimya kimya, ngozi bado ina mafuta. Ukisikia mlio wa kukatika, au ukaona vistari vyembamba vinachomoza pale ulipobonyeza, acha mara moja. Hiyo imeshakufa, kila utakapoziba patafunguka pa jirani.

Kisha bandika vipande viwili vya selotepu ya karatasi, kimoja kila upande wa ufa, chora alama juu ya kila kimoja, upime umbali kati ya alama asubuhi na mchana wa jua. Kama pengo linacheza kwa macho unaliona, kijazio chako kitavutwa hivyohivyo kila siku ya maisha yake.

Ngozi yangu ilikuwa inalia kila nilipobonyeza. Ningelijua kipimo hiki mapema ningeiokoa ile miezi yote.

#4 Rangi Tatu

Mleta uzi, nakuheshimu ila hapo kwenye kijazio laini naomba tusiwatishe watu. Nimejaza dashibodi nne, ya zamani zaidi ina miaka sita sasa na gari linaendeshwa kila wiki. Hazijafunguka. Kushindwa kwingi ninakokuona kunatoka kwenye maandalizi.

Watu wanaziba ufa kwa juu kama wanapaka siagi. Ufa unatakiwa ufunguliwe kwanza. Kata zile kingo zilizojikunja kwa wembe, rudi nyuma hadi ufike kwenye ngozi iliyolala na iliyoshikana na sponji. Sponji yenye unga itoe. Mwisho wa ufa, pale unapoishia kwa ncha, toboa kitundu cha mviringo kwa keekee ndogo, ncha isipate pa kuendelea. Kisha inamisha kingo kwa msasa ili kijazio kipande juu ya ngozi taratibu, upana wa vidole viwili kila upande, badala ya kuishia kama ukuta.

Na kabla ya yote hayo, safisha. Dashibodi ya gari la zamani imepakwa dawa za kung'arisha miaka 30, 40, nyingi zina silikoni. Silikoni hiyo imeingia hadi kwenye vinyweleo. Usipoiondoa, kijazio hakishiki na rangi itafanya macho ya samaki, yale mashimo madogo ya duara. Osha kwa sabuni laini na brashi, suuza, kausha, kisha futa kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta, kitambaa safi kila mara, mara tatu kabla hujashika msasa. Ukipiga msasa kwanza unaisukuma silikoni ndani zaidi.

#5 Geji Tano

Rangi Tatu, maneno yako yote nayakubali, na hilo la kuosha kabla ya msasa kila mtu aliandike ukutani. Tofauti yetu ni ndogo: zako nne ulizijaza ngozi zikiwa na uhai. Mimi nilifuata hatua hizohizo, hadi vitundu vya mwisho wa ufa, na zile sehemu saba hazikunisaliti. Aliyenisaliti ni ngozi ya pembeni.

Ongezea na namba za msasa, watu watauliza.

#6 Rangi Tatu

Sawa mkuu, tumeelewana.

Msasa 80 kuchonga umbo, 180 kuondoa mikwaruzo ya 80, 320 kumalizia. Tumia kibao cha sponji, usipige kwa vidole vitupu maana vidole vinachimba mifereji na jua la pembeni litaionesha yote. Kijazio kiwekwe kwa tabaka mbili au tatu nyembamba. Vinyweleo vilivyopotea vinarudishwa kwa dawa ya kupuliza matone: mbali kidogo na presha ndogo inatoa matone makubwa, karibu na presha kubwa inatoa madogo. Jaribu kwenye kipande cha kadibodi mpaka ifanane. Mwisho praima ya plastiki (rangi ya msingi) na rangi ya reksini, ile ngozi ya plastiki ya kuvalishia, tabaka nyembamba nyembamba. Rangi ya kawaida ya bodi inakauka ngumu, itapasuka.

Na puliza dashibodi nzima, usipulize kiraka. Kiraka kitaonekana hata kama rangi ni ya kopo lilelile.

#7 Mgeni wa Karakana

Ahsanteni sana wakuu. Swali jingine: kuna vile vifuniko vya plastiki vilivyofinyangwa kwa umbo la dashibodi, unabandika juu ya ile iliyopasuka. Mnavionaje? Inaonekana kama kazi ya mchana mmoja.

#8 Geji Tano

Ni kazi ya mchana mmoja kweli, na kwa gari la kuendesha kila siku simlaumu anayechagua hivyo. Vingi ni vya plastiki ya ABS, unabandika kwa silikoni. Ila ingia ukijua mambo haya.

Kifuniko kina unene wake. Milimita mbili tatu si nyingi ukizitamka, ni nyingi sana pale dashibodi inapokutana na kioo, na pale mapambo ya nguzo za pembeni yanaposhukia. Kijaribishe kikavu kwanza, bila gundi, mapambo yote yakiwa mahali pake. Hakikisha matundu ya hewa hayajazibwa na droo bado inafunguka. Kingo zote za ufa zilizojikunja zisagwe zilale, la sivyo kifuniko kitakaa kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Ukishabandika, kilaze chini ya vifuko vya mchanga usiku mzima na uache dirisha wazi, silikoni inahitaji hewa na harufu yake ni kali.

Kikishashika hakitoki. Atakayetaka kurudisha dashibodi ya asili baadaye atang'oa ngozi na sponji pamoja nacho. Kwa gari ambalo dashibodi mbadala zinapatikana hilo si tatizo. Kwa gari ambalo hazitengenezwi tena, ningefikiri mara mbili.

Halafu kuna suala la usalama ambalo watu hulisahau kwa sababu tunazungumza urembo. Sponji ile haikuwekwa kwa ajili ya kupendeza. Gari la Kimarekani la Tucker la 1948 lilikuja na dashibodi yenye sponji ili kichwa cha abiria kisipige chuma. Ford mwaka 1956 walitangaza sponji ya dashibodi katika vifaa vyao vya usalama, mteja akitaka. Marekani ilipoanza kutekeleza viwango vyake vya usalama wa magari tarehe 1 Januari 1968, kimojawapo, namba 201, kilihusu kichwa kugonga sehemu za ndani ya gari. Kwa hiyo ninapoona mtu ametoa sponji yote akaweka faibaglasi tupu iliyopakwa rangi, naumia. Inavutia, haipasuki, na gari lenyewe mara nyingi lina mkanda wa nyonga tu.

#9 Rangi Tatu

Naongeza: kama gari lako ni la miaka ya mwisho ya 80 au la 90 na lina mfuko wa hewa upande wa abiria, usizibe, usibandike kifuniko, usivalishe reksini juu ya mlango wake. Mlango ule umepimwa ufunguke kwa namna yake. Hapo ni kubadilisha tu.

#10 Fundi Sindano

Habari wadau. Mimi ni fundi wa viti na mapambo ya ndani, nimefuatilia kimya kimya. Mleta uzi bado hujaeleza ile mara ya tatu, na ndiyo kazi yangu hasa, nasubiri nione kama ulifanya yale ambayo wengi wanayaruka.

#11 Geji Tano

Karibu fundi, nisahihishe nitakapoteleza.

Kutoa dashibodi. Ondoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa chochote, nyuma ya geji kuna nyaya zenye umeme hata funguo ikiwa mfukoni. Piga picha kabla ya kila skrubu. Nilifunga kila plagi kikaratasi chenye namba, na skrubu za kila sehemu nikazitia kwenye mfuko wake, kwa sababu skrubu ndefu ikirudi kwenye shimo la fupi inaweza kutokea juu ya ngozi mpya. Waya wa spidimita ufunguliwe kutoka nyuma, usivute. Usukani nilishusha bolti zake kidogo ili dashibodi ipite, nikaweka blanketi. Mtafute mtu wa pili wa kubeba, ni ndefu na inajipinda.

Kuna jambo la kisheria humu ndani. Kwenye 240Z zilizouzwa Marekani, kibao chenye namba ya chesisi kimepigwa ribiti kwenye dashibodi yenyewe, kisomeke kupitia kioo. Katika nchi nyingi kung'oa au kuhamisha kibao cha namba bila utaratibu ni kosa, na hata pale sheria inaporuhusu kwa ajili ya matengenezo, mnunuzi wa baadaye akiona ribiti zisizo za kiwandani ataondoka. Mimi nilikizungushia selotepu, nikakifunika kwa kipande cha bati jembamba, nikafanya kazi kukizunguka. Ngozi ya zamani chini yake imebaki ilivyo. Kama ni lazima kitoke, ulizia mamlaka ya usajili ya huko ulipo kabla, upewe maandishi.

Kabla ya kuvua ngozi nilitengeneza vigezo vya karatasi ngumu, yaani karatasi zilizokatwa zifuate umbo la dashibodi: mkato wa dashibodi kila sentimita 15, pamoja na duara la kila pango. Ukishaondoa ngozi hujui tena umbo lilikuwa wapi, na sponji iliyooza haitakuambia.

Ngozi niliivua kwa kisu butu na hewa ya moto kiasi, vipande vidogo vidogo. Sehemu nyingine ilitoka na sponji, sehemu nyingine ilivunjika kama kaukau. Sponji iliyo imara niliiacha. Iliyokuwa inatoa unga nilikata hadi nikafika kwenye nzima, nikamimina sponji mpya ya kuchanganya sehemu mbili. Hapa vaa glovu na barakoa yenye vichujio vya kemikali, na fanyia nje. Kemikali zile zina isosianati, zinaweza kuharibu mapafu na mtu akishapata mzio nazo haumwachi. Sponji ile inavimba sana, mimina kidogo, subiri, ongeza. Ikikauka chonga kwa kisu kirefu na msasa 80, ukipitisha vigezo kila baada ya muda mfupi. Hii peke yake ilinichukua siku nne na sijutii hata moja.

Kisha nilipaka kijazio laini tabaka jembamba juu ya sponji yote, kama mtu anayepiga lipu. Niliambiwa gundi ikiwekwa moja kwa moja kwenye sponji inanyonywa na nyingine inaitafuna. Nikapiga 180 hadi kiganja kikipita hakihisi bonde.

Kuvalisha nilisaidiwa na fundi wa viti. Jaribio letu la kwanza la kutumia kipande kimoja cha reksini halikufaa: kwenye mapango matatu ilikataa kuzama, ilikuwa inaruka kutoka mdomo huu hadi mdomo ule kama daraja. Tukabadilisha. Kila pango likapata kipande chake, kimeshonwa na kipande kikubwa cha juu kwenye mdomo wa pango, mshono ukafuata duara. Unaonekana, siufichi. Kwa macho yangu unapendeza.

#12 Fundi Sindano

Umefanya vizuri mkuu, na hapo kwenye kipande kimoja ndipo wengi wanapofia. Niongezee ya kwangu.

Reksini ya dashibodi si ya kiti. Ya kiti ina kitambaa nyuma ambacho hakivutiki, au kinavutika upande mmoja. Tafuta inayovutika pande zote nne. Ivute kwa mikono dukani, mbele na nyuma kisha kushoto na kulia. Ikikataa upande wowote, iache.

Gundi ndiyo roho ya kazi hii. Ile gundi ya kopo ya kupulizia vitu vyepesi itaachia siku ya kwanza ya jua kali, na itaanza kuachia kwenye sehemu zilizobonyea kwa sababu hapo reksini inavuta kujiondoa. Tumia gundi ya kupaka pande zote mbili, iliyoandikwa kuhimili joto, na uangalie namba yake ya joto iwe juu ya ile uliyoitaja, nyuzi 70, kwa nafasi ya kutosha. Paka, subiri ikauke hadi ukigusa kwa mgongo wa kidole isishike. Watu wanaharakisha hapa, mvuke wa gundi unabaki chini ya reksini, baadaye unainua malengelenge.

Anza katikati, nenda nje. Pasha reksini joto mpaka ilegee, ibonyeze kwenye bonde kwanza ndipo uilaze kwenye kilima. Ukilaza kilima kwanza, bonde litakudai reksini ambayo haipo. Na usiivute hadi ikaze kwenye sehemu tambarare. Kila ulichokivuta kupita kiasi siku ya kazi, jua litakirudisha. Hiyo ni ngozi ya ngoma uliyoisema mwanzo, umeitengeneza tena kwa mikono yako.

Wateja wengi wananiomba ngozi halisi ya mnyama. Inawezekana na inapendeza mno, lakini ngozi halisi inasinyaa kwa joto kavu kuliko reksini, na inapenda kuinuka kwenye ukingo wa matundu ya hewa ya kioo. Ukiitaka, acha ziada ya sentimita tatu za kukunja chini ya ukingo na uzibane kwa kipande cha bati, usiiachie gundi peke yake. Rangi iwe nyeusi au ya giza, isiyong'aa. Dashibodi ya rangi ya maziwa inaakisi kwenye kioo, dereva anaendesha akiangalia dashibodi yake angani.

#13 Rangi Tatu

Kwa wanaopeleka gari kwenye maonyesho ya kuhukumiwa: mshono utawapunguzia alama kama kiwandani haukuwepo. Njia inayorudisha ule uso wa asili ni kuipeleka kwa karakana zenye mashine ya kufyonza hewa. Wanavua ngozi, wanajenga sponji upya, halafu karatasi mpya ya plastiki inapashwa moto na kufyonzwa ishike umbo lote kwa mara moja, bila mshono, na vinyweleo vyake. Ni karakana chache, foleni ni ndefu, na dashibodi inasafiri kwenye sanduku. Jengeni sanduku la mbao na muifunge fremu kwenye sanduku kwa bolti zake. Iliyofungwa kwa karatasi za kukinga peke yake hufika imepinda.

Na kama gari lako ni maarufu, angalia mpya kwanza kabla ya kuchafua mikono. Ford Mustang za miaka ya 60 pedi zake zinatengenezwa upya, ni kipande kinachofungwa kwa skrubu juu ya dashibodi ya bati, haichukui siku. Hata 240Z zinapatikana zilizofinyangwa upya. Ikifika, iache kwanza sehemu yenye joto ilegee ndipo uifunge. Anza skrubu zote kwa mkono, kaza ya katikati, halafu za pembeni, na usikaze hadi mwisho. Matundu mengine kiwandani yaliachwa marefu kwa makusudi ili pedi itembee kidogo. Ukiibana kote, umeirudisha kwenye mateso.

#14 Geji Tano

Hilo la skrubu kutokazwa hadi mwisho mimi sikulijua, nikatoka usiku uleule na bisibisi nikalegeza mbili za upande wa abiria robo mzunguko.

Kuhusu kuitunza, nafanya machache na nayafanya kila siku. Kinga ya jua kwenye kioo nikiegesha hata kwa nusu saa. Dirisha lililoachwa wazi kidogo pale palipo salama. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha dawa ya maji ya kukinga mionzi ya jua, isiyoacha ung'aavu. Dawa za kung'arisha sizigusi tena. Kwa wenye ngozi ya asili ambayo bado nzima, haya ndiyo ya kuanza nayo leo, kwa sababu mafuta yaliyotoka hakuna dawa ya kupaka inayoyarudisha ndani, hata kopo liandikwe vipi.

#15 Mgeni wa Karakana

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimebonyeza kwa dole gumba jana jioni. Upande wa dereva inazama na kurudi vizuri kabisa. Upande wa abiria, karibu na kioo, imelia mara mbili na vistari vitatu vimetokea. Ufa wenyewe uko upande wa dereva.

Nimeumia kidogo lakini nashukuru nimejua kabla ya kufungua kopo. Nimeamua kuvua ngozi yote. Swali la mwisho: vigezo vya karatasi nivichukue dashibodi ikiwa ndani ya gari au nikishaitoa?

#16 Geji Tano

Pole, na umeamua vyema. Kijazio chako hakipotei, utakihitaji kupaka juu ya sponji.

Vichukue ikiwa bado imefungwa ndani ya gari, bolti zote zikiwa zimekaza. Ikishatoka inajipinda, na ukichonga sponji kwa umbo lililopinda haitarudi mahali pake. Ile mikato ya upande wa kioo utapata shida kupitisha karatasi. Kata karatasi vipande viwili, kimoja kiingie kutoka kushoto na kingine kutoka kulia, viunganishe kwa selotepu vikiwa humo ndani, andika namba na mshale unaoelekea mbele ya gari, ndipo uvitoe pamoja.

#17 Fundi Sindano

Na uchore kwenye karatasi hizo unene wa reksini utakayotumia, uupunguze kwenye sponji. Milimita moja usipoiondoa pale kwenye mdomo wa geji, geji haitaingia.

#18 Mgeni wa Karakana

Naanza Jumamosi. Nitaweka picha za kila mkato hapahapa.